Anayeipakia Ndiye Mwenye Baiskeli

Siwezi kupita kwa fundi wa pancha bila kusimama. Ile gundi anayopaka kwenye kiraka cha tubu, kali na tamu kidogo, ndiyo harufu ya mwaka wangu wa kumi na moja. Wenzangu ofisini wanasema inawaumiza kichwa. Mimi nasimama pale kando ya barabara, buibui langu likipepea, navuta pumzi, na fundi akiniuliza kama nina gurudumu la kuziba namjibu sina, naangalia tu. Wacha anione kichaa. Wapo ambao harufu ya udi huwakumbusha harusi zao. Mimi gundi hunikumbusha vita nilivyoshinda.

Tulikaa kwenye bula moja, yaani kijiji, nje ya Garissa, upande wa barabara iendayo Liboi. Shule ya bula iliishia darasa la nne. Ukilitaka la tano ulikwenda mjini, saa nzima na nusu kwa miguu, kwenye mchanga unaomeza visigino, na katikati ya njia kuna laga, yaani mto mkavu wenye mteremko mkali kila upande. Wavulana walikwenda. Wasichana wengi walimaliza la nne, wakaambiwa hongera, kisha wakapewa ufagio. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani na ufagio sikuutaka.

Aabo, baba yangu, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwezi huu yuko Wajir, ujao yuko Elwak. Simu ilikuwa moja kwetu na mtandao ulishika juu ya tangi la maji tu, kwa hiyo Hooyo, mama yangu, alipanda ngazi ya tangi na sisi tukasimama chini kusikiliza nusu ya mazungumzo. Hooyo aliuza maziwa ya ngamia sokoni mjini. Yeye aliondoka kabla ya jua kwenda kushika nafasi yake, na maziwa yalifika baadaye kutoka malishoni, yakamfuata kwa mkokoteni wa punda wa jirani. Punda yule alikuwa na siku zake. Akikataa kutembea, maziwa yaliganda na wateja walikuwa wameshakunywa ya mwingine.

Siku moja Hooyo alirudia kwa sauti kila neno la Aabo ili Ayeeyo, bibi yangu mzaa baba, asikie kule chini. Itanunuliwa baiskeli. Moja tu, uwezo wa mbili haupo. Na kwa kuwa ni moja, iwe ya kila kitu: ibebe maziwa, inifikishe mimi shule, ipite mchangani, na ikiharibika itengenezwe hapa hapa. Kisha Hooyo akaiondoa simu sikioni, akaitazama.

"Anasema mama yake ndiye achague," alisema.

Tulidhani mtandao umekatika. Ayeeyo alizaliwa porini huko upande wa Wajir na alihama na mifugo hadi mvi zilipomwota. Baiskeli alikuwa hajawahi hata kuigusa.

Aliyekasirika zaidi ni Adeer, ndugu mdogo wa baba, ambaye ndiye aliyekuwa akituangalia Aabo akiwa safarini. Hakuwa mtu mbaya. Alitununulia sukari, alimpeleka Hooyo hospitali alipougua. Ila aliamini kwamba kila chenye thamani kikiingia nyumbani lazima kipitie mikononi mwa mwanamume, na alikuwa na mwana, Bishar, wa darasa la sita, aliyekuwa tayari anawaambia wavulana wenzake rangi ya baiskeli yake.

Tulikwenda sote wanne, Ayeeyo, Adeer, Bishar na mimi, kwa fundi Mutua, mtu wa Kitui aliyeuza baiskeli kuukuu nyuma ya soko la mifugo. Zilining'inia darini kwa kulabu. Nyingi zilikuwa zile za gia, tairi nene, tulizoziita maunteni, ingawa hakuna mtoto wa bula yetu aliyewahi kuuona mlima. Garissa ni bapa kama sinia. Mimi macho yangu yaliganda kwenye moja nyekundu yenye shoki mbele, iliyong'aa, ambayo ukiigusa usukani inashuka na kupanda kama inakuitikia. Niliipenda papo hapo. Nilishajiona juu yake.

Bishar alitaka ya mashindano, ile ya tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo. Adeer alitaka ile nyeusi ya mizigo, nzito, yenye chuma cha juu kinachofika kiunoni kwa mtu mzima. Alisema hiyo ndiyo baiskeli ya watu wenye heshima zao.

Nyumbani tulisema Kisomali, lakini kwa fundi Ayeeyo alitoa Kiswahili chake cha sokoni, na hakuwa na haya nacho hata kidogo.

"Wewe, fundi. Leta hiyo nyekundu. Beleka kwa mchanga."

"Kwa mchanga, mama mzee? Hapa kwa simiti ndio utaona vizuri."

"Wewe nauza kwa simiti. Mimi nakaa kwa mchanga. Leta."

Mutua akaikokota hadi nje. Ayeeyo akaizunguka mara mbili, mikono nyuma. Akaubonyeza usukani kwa viganja viwili. Baiskeli ikashuka, ikapanda. Akabonyeza tena.

"Hii nabiga magoti na hakuna mtu ameambia," alisema. "Mimi hataki."

"Hiyo ni shoki, mama. Ni ya kupunguza kutikisika."

"Ikifunjika, nani natengeneza?"

Mutua akajikuna shingo. Alikuwa mtu mkweli, Mungu ampe maisha marefu. Alisema shoki ikifa, spea yake ni mpaka Nairobi.

"Weka kando," Ayeeyo akasema, na mimi nikahisi machozi yananijia.

Ile ya mashindano hata hakuigusa. Aliitazama tairi, akanionyesha kwa kidevu, akaniambia kwa Kisomali, "Miguu ya mbuzi. Mchanga wetu unataka miguu ya ngamia." Ile nyeusi aliiinua upande mmoja, akaguna, akamgeukia Adeer. "Huyu akizama kwenye laga mtamchinja hapo hapo. Na mtoto mwenye gauni atapandaje ukuta huu?" Adeer akasema si lazima mtoto mwenye gauni apande. Ayeeyo alijifanya kiziwi.

Kisha akaona moja kule nyuma, haijaning'inizwa, imeegemezwa ukutani pamoja na vyuma vibovu. Ya kijani, rangi imebambuka. Haikuwa na shoki. Tairi nene zilizo na vipara vidogo. Chuma cha juu kimelala chini, karibu na pedali, kwa hiyo hata mtu mfupi angeipanda bila kurusha mguu hewani. Gia zilikuwa nyuma tu, sita. Ayeeyo akachuchumaa akayatazama meno ya gia moja moja, kama anavyotazama mdomo wa mnyama kabla ya kumnunua, na Mutua akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Mama mzee, nani alikufunza? Meno yakiwa makali kama ya papa ujue baiskeli imezeeka. Hii bado kijana." Akachuchumaa naye. "Nikwambie ukweli. Kama mimi ningeambiwa nikae na baiskeli moja tu, ningechukua hii. Fremu ni chuma, ikikatika hata kule Liboi mtu wa kuchomelea atakuunganishia. Tubu zake ziko kila duka. Gia sita zatosha, zile kumi na nane za nyekundu ni za kuringa. Na ona, ina matundu ya kufungia keria."

"Funga keria," alisema Ayeeyo. "Kubwa."

Alilala juu ya ile keria mpya ya nondo kwa uzito wake wote, miguu imeinuka, mbele ya wachuuzi wa mbuzi waliokusanyika kumshangaa. Haikupinda. Akailaza baiskeli mchangani, akaniamuru niinue. Nikainua. Akaweka mawe kwenye keria, akaniamuru tena. Nikainua huku nalia, kwa sababu nilishaelewa, au nilidhani nimeelewa. Nilidhani bibi yangu ananikomoa. Kwamba katika baiskeli zote za Garissa amenichagulia ile mbaya, ya kunyanyua mawe, ili nichekwe nirudi nyumbani mwenyewe bila kufukuzwa. Bishar alikuwa anacheka tayari. Nilikokota lile dude la kijani njia nzima bila kumsemesha Ayeeyo, na yeye hakunibembeleza. Hakuwa wa kubembeleza.

Jioni alikaa akasuka mkeka mnene wa kamba za nyuzi, kama ule wa kumwekea ngamia mgongoni kabla ya mzigo, akaufunga juu ya keria. Nikasema moyoni, haya, sasa ndiyo kabisa. Uzuri wa mkakasi ndani kipande cha mti, wanasema watu wakiona kitu kinachong'aa bure. Mimi ningeuchukua huo mkakasi na kipande chake cha mti, ningeshukuru.

Lakini baiskeli ni baiskeli. Nilijifunza kwa siku mbili kwenye mchanga wa laga, magoti yakachunika, suruali ndani ya gauni la shule, pindo limefungwa kwa kamba ili cheni isilile. Siku ya tatu nilikwenda. Niwaambieni nini, nyinyi wa rika langu mliokuwa na magari ya baba zenu? Nilipita mahali ambapo miguu yangu ilikuwa inazama, na haikuzama. Nilihisi upepo ndani ya mtandio wangu. Nilifika shule kengele haijalia, nikaegemeza baiskeli ukutani, nikaingia darasa la tano kama mtu mwenye miadi.

Siku ya nne Adeer akaichukua.

Hakupiga kelele. Alikuja baada ya alfajiri akasema watu wanasema, binti wa fulani anaonekana amepanda chuma, na kwamba Bishar naye ana mtihani, na kwamba mimi ni mdogo naweza kungoja mwaka mmoja. Hooyo alikuwa ameshaondoka. Nilimtazama Ayeeyo. Alikuwa anasugua meno kwa mswaki wa mti na hakusema hata neno. Bishar akaondoka nayo, ule mkeka ameufungua na kuutupa mlangoni.

Nilikwenda kwa miguu siku hizo zote. Nilichelewa, nilisimamishwa nje ya darasa, na kila jioni nilirudi nikimchukia bibi yangu kwa ule ukimya. Nalisema wazi kwa sababu nilimchukia kweli. Maziwa nayo yalirudi kwa punda.

Ijumaa, baada ya swala, wanaume walikaa kama kawaida kwenye kivuli cha ukuta wa duka wakinywa chai ya maziwa. Adeer alikuwa hapo. Bishar alikuwa na baiskeli, anawazungusha wenzake. Ayeeyo akatoka nyumbani na jerikeni mbili za maziwa, mimi nyuma yake na ule mkeka kichwani. Akaziweka chini katikati ya wanaume.

"Bishar," alisema, "mpakie."

Bishar akamtazama baba yake.

"Maziwa ya mama yako mkubwa yanangoja kupelekwa sokoni. Baiskeli unayo wewe. Weka mkeka, weka mzigo, funga kamba. Mpakie."

Ambaye hakukulia kwetu hataelewa kwa nini wanaume wote walishusha vikombe. Porini, kukamua ngamia ni kazi ya mwanamume, na mwanamke hakamui. Lakini siku ya kuhama, ngamia wa mizigo ni wa mwanamke. Yeye ndiye anayebomoa nyumba, anayempakia mikeka na miti na vibuyu, anayejua fundo gani halifunguki njiani. Mwanamume akionekana anampakia ngamia mbele za watu, watu huuliza kama mkewe amekufa.

"Mama," Adeer alimwambia Ayeeyo taratibu, "hii ni baiskeli."

"Ina mgongo. Ina mkeka wake. Imenunuliwa ibebe maziwa, mwanangu mkubwa alisema kwa simu pale juu ya tangi, na nyinyi nyote mlisikia. Niambie basi ni mnyama gani. Kama ni farasi, mpeni Bishar. Lakini mimi farasi mwenye keria sijamwona."

Mzee mmoja akacheka hadi chai ikampalia. Bishar alikuwa na miaka kumi na mitatu na wenzake sita wanamtazama. Aliziangalia zile jerikeni kama zimejaa nyoka. Kisha akailaza baiskeli chini akaondoka.

Ndipo nilipoelewa. Keria, mawe, mkeka, ule ubaya wote wa kijani. Ile nyekundu ingekuwa ya Bishar kabla haijavuka laga. Ayeeyo alikuwa amechagua baiskeli ambayo mwanamume yeyote angeona haya kuidai, akaninunulia mimi mchana kweupe mbele ya mwanawe. Nilipiga mafundo alivyonifundisha, nayo yalishika.

Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Nilipotaka kupanda, Adeer aliinua mkono.

"Sawa. Mama amesema kweli, ni mnyama wa mzigo." Alikuwa anatabasamu. "Na mwanamke ngamia wa mzigo anamwongoza kwa kamba. Anatembea mbele yake. Hampandi. Basi mtoto aikokote."

Wanaume wakasema kweli, wallahi, kweli. Nikamgeukia Ayeeyo nikingoja jibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu niliona hana. Alikuwa ametembea mbele ya ngamia maisha yake yote.

Jumatatu niliikokota. Jaribuni kukokota baiskeli yenye maziwa kwenye mchanga muone kama si heri mkokoteni wa punda. Nilifika shule saa ya mapumziko, mwalimu akaniuliza kama nimekuja kuuza maziwa au kusoma. Jumanne vilevile. Jumanne usiku Ayeeyo alinipaka mafuta miguuni bila kusema kitu, na mimi sikumwomba ushauri, kwa sababu niliona hilo alilokuwa nalo ameshanipa lote. Lililobaki lilikuwa langu.

Jumatano nilipakia, nikakokota hadi nyumba ya mwisho ya bula ikapotea nyuma yangu. Nikafunga pindo la gauni kwa kamba. Nikapanda.

Adeer si mjinga. Alikuwa amekuja kuhakikisha. Nilipofika ukingo wa laga nikamwona kule chini ya mteremko, amesimama katikati ya njia, amefunga macawiis yake ya bluu kiunoni, fimbo mkononi.

"Shuka!"

Nimeulizwa mara nyingi kama breki zilikataa. Watu wananipa njia ya kutokea, kwa wema. Breki zilikuwa nzima, Mutua alizifunga mwenyewe. Sikuzishika. Baiskeli ikashuka na uzito wa zile jerikeni nyuma, tairi nene zikapiga mchanga wa chini na kuendelea, na mimi nilikuwa napiga kelele, sijui za nini, nadhani ni jina la Mungu. Adeer akaruka. Mtu wa miaka arobaini na ushee, mwenye heshima zake, akarukia kwenye vichaka vya miiba, na ndara moja ikabaki njiani nikaikanyaga.

Nilipopanda ukingo wa pili, gia ya mwisho, mapaja yanawaka, niligeuza kichwa.

"Assalaamu aleykum, adeer!"

Kuitikia salamu ni wajibu, hata ukiwa kwenye miiba. Nilimsikia.

"Waaleykum salaam."

Jioni alikuja nyumbani. Alikuwa amebandika plasta mkononi na alisimama mlangoni hakutaka kukaa. Hooyo alikuwa amefunika uso kwa mtandio. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshaamua kwamba wakiichukua nitakwenda kwa miguu, na wakinifungia mlango nitatoka dirishani.

"Mjukuu wako amenitupa kwenye miiba," alisema. "Alikuwa amepanda. Mzigo juu, naye juu."

Ayeeyo akauliza:

"Maziwa yalimwagika?"

"Mama, nakwambia mimi..."

"Nakuuliza maziwa. Yalimwagika?"

Hooyo ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo. "Hapana. Yalifika mapema. Niliyauza yote."

"Na shule?"

"Kabla ya kengele," nikasema nyuma ya pazia.

Ayeeyo akamwangalia mwanawe, akamsogezea mkeka akae. "Mnyama aliyefikisha mzigo," alisema, "haulizwi amefikaje. Kaa nikutoe miiba."

Akakaa. Hakuna aliyezungumzia tena kukokota.

Nilisoma kwa ile baiskeli hadi darasa la nane, na mdogo wangu wa kike akaipokea. Ayeeyo amekwishatangulia, Mungu amrehemu. Adeer bado yupo, mzee sasa, na mimi ndiye ninayepigiwa simu nimletee dawa zake za presha kutoka mjini, maana wanawe wako mbali. Huwa ananitania kwamba hata kutubu sijawahi. Ni kweli. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nilikuwa na mahali pa kwenda, naye alisimama njiani. Dawa nampelekea kila mwezi kwa mikono miwili. Radhi siombi.